Kimya cha Papa

Pumzi za baba yangu zilitugharimu ng'ombe mmoja, mbuzi watatu, cherehani ya Mama, chukudu moja na bidoni sita za mawese zilizonywewa na majani ya bondeni. Nilipohesabu mara ya pili nikakumbuka kwamba yule ng'ombe alikuwa na mimba, kwa hiyo tuseme ng'ombe wawili. Siweki humo dawa za malaria alizomeza bila kuwa na malaria, wala kuku tuliyempelekea mchungaji, maana kuku yule alikuwa mgonjwa tangu kwetu, na nadhani mchungaji aligundua.

Hesabu hii ilinirudia juzi hapa Goma, mbele ya meza ya kijana anayeuza vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo. Katikati ya pasi na redio zake kulikuwa na kinyago cha mpira chenye bomba refu la kujikunja. Nilikiinua, nikakinusa. Harufu ile ile ya mpira uliolowa mvuke wa mtu.

"Dada, hii ni ya mafundi wa kupulizia gari rangi," kijana akaniambia bila aibu.

"Ulishaona fundi wa rangi wapi anajifunga mukanda nyuma ya kichwa, kisha analala?"

Akanitazama vizuri. "Kumbe unaijua. Basi bei inapanda."

Nikakirudisha mezani, nikaenda zangu. Lakini harufu haikubaki pale. Ilinifuata mpaka nyumbani, na usiku ule, kama usiku mwingine mwingi, nililala kwa vipande.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa njia. Kutoka kwetu Kingi alisukuma maharagwe mpaka Kashebere, upande wa Walikale, na kutoka Kashebere alirudi na mawese. Alisukuma kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali: mlimani unaisukuma wewe, mteremkoni inakubeba yenyewe, na kama breki ya kipande cha tairi imechoka, Mungu ndiye anayechagua mahali pa kusimama. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, ukiacha muda wa kubembelezana na watu wa vizuizi vya barabarani. Wakati wa vakansi, shule zikifungwa, Mama alinituma niende naye. Sikuwa nimefika miaka kumi, lakini nilikuwa na sifa moja ambayo kaka zangu hawakuwa nayo: kitu nilichohesabu nilikihesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa moja.

Njiani Papa alinifundisha kazi. Somo lilikuwa fupi. "Ukishasema bei yako, funga mudomo," aliniambia. "Muuzaji atalia, atataja watoto wake, atataja mvua. Weye kimya. Yule atasema wa kwanza njo atapoteza."

Nililishika somo lile vizuri kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Kule Kashebere tulilala kwa Mjomba, kaka yake Mama, mwindaji, katika chumba kimoja cha udongo kilichonuka moshi na ngozi. Mjomba alikuwa na lalamiko moja kuhusu shemeji yake, na alilitoa kila asubuhi akiwa anapuliza moto. "Shemeji, jana nilitega mitego kumi na mbili. Nyama zote zimekusikia, zimehamia Lubutu. Hapa kumebaki panya na kiziwi mumoja."

Maana Papa alikoroma. Hapo sisemi ile sauti ya kawaida ya mtu mzima aliyechoka. Papa alikoroma kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu ya mawe, na ungeweza kuzoea, mimi nilizoea, ila tatizo halikuwa kelele. Tatizo lilikuwa pale meza iliposimama. Alikoroma, alikoroma, kisha kimya. Kifua kilipanda na kushuka, nilikiona kwa mwanga wa makaa, lakini hakikuingia kitu wala hakikutoka kitu. Kisha ghafla mkoromo mkubwa, mguu unapiga ukuta, na meza inaanza kuburutwa upya.

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonishangaza leo. Niliutambua mtindo ule. Nilikuwa nimeuona sokoni mchana. Papa alikuwa anapatana bei na mtu ndani ya usingizi! Alitaja bei yake kwa kukoroma, kisha akafunga mdomo kama alivyonifundisha, akamsubiri mwenzake achoke. Ule mkoromo wa mwisho ulikuwa biashara imekwisha. Sikumjua mtu aliyekuwa upande wa pili. Nilijua tu kwamba alikuwa mvumilivu kuliko wauzaji wote wa Kashebere, na kwamba usiku mmoja alirudi mara nyingi, kama mteja asiyekubali kushindwa.

Basi nilimsaidia baba yangu kwa njia niliyoiweza. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, taratibu, kama mtu anayepokea mayai. Nilijaribu pia kubana pumzi pamoja naye, lakini kwenye ishirini nilishindwa nikapumua, na nililala nikiwa na aibu kwamba mimi ni mpatanaji dhaifu. Vakansi ya kwanza kimya chake kirefu kilifika kumi na nane. Vakansi iliyofuata, ishirini na nne. Niliona fahari. Mzee anaendelea kuwa hodari.

Na mchana, jamani, ugonjwa ulitutajirisha. Hilo lazima niliseme, kwa sababu watu wanapenda kuhadithia ugonjwa kama kwamba ulikuja na hasara tu.

Muuzaji wetu wa mawese alikuwa Mama Zawadi, mwanamke mpana mwenye mafuta safi na mdomo mkali. Siku moja Papa alitaja bei yake, akakaa juu ya bidoni tupu, akanyamaza. Jua lilikuwa kali. Macho yake yalibaki nusu wazi.

"Papa, sema kitu," akasema Mama Zawadi.

Kimya.

"Ile bei haiwezekane! Hii mafuta nilibeba na mugongo kutoka porini, na hii magoti unaona."

Kimya.

"Aya, basi. Napunguza kidogo. Umefurahi?"

Kichwa cha Papa kikaanguka mbele, kikarudi.

"Muone huyu muntu! Ananikatalia na kichwa! Hata mudomo hafungui, ananiona sawa takataka." Akageukia wenzake. "Iko na roho ya jiwe, mi nawaambia." Na akapunguza tena.

Hapo nilimwangalia Papa vizuri. Kwenye kona ya mdomo kulikuwa na uzi wa mate. Nilisogea, nikampangusa kwa pindo la kitenge changu kama mtoto mwenye adabu, na kwa mkono wa pili nikamfinya paja. Akashtuka. "Sawa!" akasema kwa nguvu, bila kujua sawa ya nini. Mama Zawadi akapiga makofi ya hasira, na mafuta yakawa yetu.

Sifa yake ilienea. Wauzaji walisema yule Muhunde wa Kingi hana huruma, unamwambia una mtoto mgonjwa, anakuangalia tu. Nyumbani Mama alipika sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi akacheka mpaka akakaa chini. Nani angemtafutia dawa mtu kama huyo?

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaliwa. Asubuhi Papa aliamka akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alipigia kelele kaka zangu kwa kosa la kumwaga maji, yeye ambaye zamani hata nyumba ikivuja alicheka. Alilala kanisani amesimama, katikati ya sala, na hakuanguka, jambo ambalo shemasi mmoja alilichukua kuwa kipaji. Alilala akiwa na kijiko mkononi. Alisahau jina la mbuzi aliyemwita kwa jina miaka mitatu. Kwenye kituo cha afya munganga, ndivyo tunavyomwita muuguzi, alimpa dawa za malaria, na zilipoisha akampa tena, na mara ya tatu akabadilisha, akampa za minyoo. Watu wa maombi walisema kuna kitu kinamkalia kifuani usiku, na walikuwa karibu na ukweli kuliko munganga, ila walitaka kukitoa kwa kufunga siku tatu, na Papa alilala pia katika mfungo.

Mama yeye alikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilivaa kitenge. Aliniita nyuma ya nyumba tulipokuwa tunapepeta maharagwe.

"Weye njo jicho yangu kule Kashebere. Usiku Papa yako iko wapi?"

"Kwa Mjomba."

"Na anafanya nini?"

"Analala."

"Anarudia hapa na macho mekundu sawa muntu wa kilio, na unaniambia analala?"

"Mama, analala sana."

"Hakuna muntu analala sana na anaamuka amechoka. Uliza hata mbuzi." Akapuliza makapi kwa hasira, yakaniingia machoni. "Mwanamuke yule anaitwa nani?"

Ningemwambia nini? Siri ya Papa niliijua, lakini haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa ya biashara, na mtoto wa biashara hatangazi bei kabla haijafungwa. Nikapepeta maharagwe. Mama akachukua kimya changu kuwa jina la mwanamke, na kwa wiki nzima Papa alikula chakula baridi bila kujua kosa lake. Mara nyingi alisinzia kabla hajafika nusu ya sahani, jambo lililomkasirisha Mama zaidi.

Ajali ilitokea mchana mweupe, tukiwa tunarudi na bidoni sita. Mimi nilikuwa nyuma kidogo kwa miguu, kwa sababu kwenye mteremko Papa hakunipandisha. Alipiga goti moja juu ya ubao, akaiachia chukudu ishuke. Niliona mgongo wake. Niliuona ukilegea, mabega yakishuka kama ya mtu aliyepewa habari njema. Kona ilikwenda kushoto. Papa alikwenda moja kwa moja.

Hakupiga kelele. Chukudu ilipiga jiwe, bidoni zikaruka, na nilipofika ukingoni bonde zima lilikuwa linang'aa jekundu. Nilidhani ni damu yake. Nilishuka kwa makalio nikilia, nikamkuta amekaa katikati ya mafuta, mkono wa kulia umening'inia vibaya, anauliza, "Tumefika?"

Wapita njia walimbeba kwa machela ya miti mpaka hospitali, wakipokezana. Mama alikuja mbio kutoka Kingi, akiwa bado na udongo wa shamba miguuni. Dokta alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Aligusa bega, akasema limechomoka mahali pake, linatakiwa kurudishwa sasa hivi, kabla misuli haijakaza. Munganga akaleta sindano kwenye sahani ya chuma.

"Tutamulalisha kidogo," dokta akamwambia Mama. "Hatasikia kitu." Kisha, labda kwa sababu aliona ile shingo fupi nene, labda kwa sababu Papa alikuwa tayari amesinzia na bega limechomoka, jambo ambalo hata mimi niliona si la kawaida, akauliza: "Mama, usiku akilala, anakoroma?"

"Eh! Dokta, hata majirani wanajua."

"Na kuna wakati anakata pumzi? Anakuwa kimya, kisha anashtuka?"

Mama akafikiri. "Mimi nalima kutoka asubuhi. Nikilala nalala sawa gogo. Akikoroma najua anaishi, basi." Akatikisa kichwa. "Sijaona kitu kama ile."

"Una hakika? Dawa hii inalegeza koo. Kama muntu iko na ile ugonjwa, na tukimulalisha, anaweza kukosa kuamuka. Hapa siko na mashine ya kumusaidia."

"Sijaona, dokta."

Dokta akaitikia kwa kichwa. Munganga akaichukua sindano.

Mimi nilikuwa mguuni pa kitanda. Natamani niwaambie kwamba nilipiga kelele papo hapo. Sikupiga. Nilisimama na mdomo umefungwa, kwa sababu ndani ya kichwa changu mambo mawili yalikuwa yanavutana. La kwanza: nikisema, nitauza siri ya baba yangu, na yule mvumilivu wa upande wa pili atajua bei yetu. La pili: *anaweza kukosa kuamuka.* Nilimwangalia Papa. Kifua kikapanda, kikashuka, hakikuingia kitu. Nikaanza kuhesabu kwa mazoea tu, na nilipofika kumi na tano, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikafikiria kwamba labda kule ndani hakuna soko. Labda hakuna mtu anayepatana naye. Labda baba yangu yuko peke yake, na hawezi.

"Thelathini na saba," nikasema.

Wote wakageuka. Munganga alikuwa ameshika mkono wa Papa, anatafuta mshipa.

"Thelathini na saba nini?" akauliza dokta.

"Kule Kashebere. Anakoroma, kisha anaacha. Nilihesabu mpaka thelathini na saba, kisha akashtuka. Nilihesabu mara mbili. Zamani ilikuwa kumi na nane."

"Kwa usiku mmoja, mara ngapi?"

"Nyingi. Nikifika mara ya mia, usingizi unanichukua."

Mama aliniangalia kama kwamba nimevua nguo mbele ya watu. Dokta yeye hakuniangalia. Alimwangalia Papa, ambaye alikuwa bado yuko ndani ya kimya chake, akamsikiliza kwa sikio karibu na mdomo, mpaka mkoromo ukalipuka usoni pake akaruka nyuma.

"Rudisha ile sindano," akamwambia munganga.

Bega la Papa lilirudishwa akiwa macho, kwa dawa ya ganzi iliyochomwa begani, na Papa alipiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Nilifurahia kila kipande cha kelele ile. Jioni, alipoweza kuongea, aliniita karibu.

"Wanasema ulisema wa kwanza."

"Ndiyo, Papa."

"Na dokta alitoa nini?"

"Alirudisha sindano."

Alifikiri kidogo, kama anavyopima mafuta kwenye chupa. "Basi haukupoteza," akasema, akalala, akiwa ameegemezwa ubavu kwa magunia mawili.

Mengine yalichukua miezi. Goma walimfunga kibanio kwenye kidole usiku kucha, na asubuhi karatasi ikatoka na mistari inayoanguka kama mteremko wetu. Dokta wa kule akaandika jina kwa Kifaransa, *apnée*, akaeleza kwamba nyama ya koo inalegea wakati wa usingizi na kuziba njia kama mdomo wa gunia lililolowa, kwamba kichwa kinamshtua ili apumue, kwamba kwa hiyo mtu huyu ana miaka hajalala hata saa moja kamili, na moyo ndio unaolipa. Si uvivu, si pepo. "Wala mwanamuke?" Mama akauliza. Dokta hakuelewa swali. Papa alielewa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alicheka.

Walimkataza kasiksi, ile pombe ya ndizi ya jioni. Walimwambia apunguze tumbo. Wakati inatafutwa mashine ya kumpulizia hewa usiku ili koo lisizibe, Mama alishona mfuko mgongoni mwa shati na kutia ndani mpira wa majani ya migomba wa kaka zangu, ili akilala chali umchome na kumgeuza. Ilisaidia kidogo, ingawa kaka zangu wanadai mpira wao mpaka leo. Mashine yenyewe ilitoka Kampala, imetumika, ikahitaji betri na paneli ya jua, na hapo ndipo ng'ombe na cherehani vilipoondoka.

Usiku wa kwanza tulikusanyika wote kumwona akivaa kile kinyago. Kaka yangu mdogo alikimbia. Mama alisema ameolewa na tembo. Kisha mashine ikaanza kupuliza, shhh, shhh, laini, na Papa akalala. Hakukoroma. Hakunyamaza. Alipumua tu, bila kusimama, kama mtu asiye na deni na yeyote. Asubuhi aliamka kabla ya jogoo akaomba chakula, akamwita mbuzi kwa jina lake.

Sokoni Kashebere, nisiwafiche, aliharibika kabisa. Akawa anachangamka, anauliza habari za watoto, anasimulia ajali yake. Mama Zawadi alimpandishia bei ndani ya mwezi. Tulilipa.

Sasa wazazi wako hapa Goma, vita vimewashusha mlimani pamoja na mashine, na Papa ni mzee mwenye usingizi mzuri kuliko sisi wote. Tunaishi nyumba moja. Hajui kwamba saa nane za usiku bado nasimama nje ya mlango wake mpaka nisikie ile shhh. Nikirudi kitandani naweka kiganja chini ya pua ya mume wangu, kisha naenda kwa watoto, mmoja mmoja, kisha narudia. Mume wangu hana ugonjwa wowote. Alivumilia miaka minne, mwezi uliopita alibeba godoro akahamia sebuleni, akasema, "Mama, mi napumua. Niache nipumue peke yangu." Nilikwenda kwa daktari akaniambia mapafu yangu ni mazima, koo ni zima, ninachokosa ni kulala tu, na akaniandikia vidonge ambavyo naogopa kuvimeza, kwa sababu nikivimeza nani atasikia?

Basi nawauliza ninyi wa umri wangu, hasa mliolelewa chumba kimoja na mgonjwa, mkakesha mkiwa watoto bila mtu kuwatuma: kama kuna aliyejifunza kulala akiwa mtu mzima, anieleze kwa maneno rahisi alianzia wapi. Alianza kwa kufumba macho, ao kwa kuacha kusikiliza?